Sanduku Linaita

Mbao za mninga nilizipata Keko, vipande vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja mwingine. Fundi aliniuzia kwa bei ya kitanda kizima kwa sababu aliniona nimevaa viatu vya ofisini. Nikamwambia nataka kutengeneza kisanduku cha bangili za mke wangu, na sitaki msumari hata mmoja. Akacheka, kisha akawaita wenzake waje wacheke naye.

Walipotosheka akanifundisha, tena kwa moyo. "Unaunga mkia wa njiwa, bosi. Ubao mmoja unakata mikia iliyotanuka nchani, wa pili unakata meno ya kuibana. Kwa mbao ngumu hii usiitanue sana: ukishuka nane, ingia pembeni moja. Mikia kwanza, kisha ilaze juu ya ubao wa pili uchoree meno. Pa kutupa piga X. Msumeno upite kwenye cha kutupa, mstari uuache." Akaongeza kwamba sanduku nilifunge lote, juu na chini, gundi ikikauka ndipo nilikate kuzunguka nipate kifuniko. "Ila pale utakapopitisha msumeno, acha mkia mpana." Hilo liliingia sikio hili likatokea lile.

Kona ya kwanza niliikata safi kabisa. Shida ni kwamba niliondoa vya kubaki, nikabakiza vya kutupa. Nilikwenda kunywa chai, niliporudi nikaziangalia zile X nikaamua zinamaanisha "usiguse". Mtanzania mzima, nimeona nyumba ngapi za kando ya barabara zimepigwa X nyekundu zikabomolewa, lakini kwenye ubao wangu nikaipa maana mpya. Halafu vumbi la mninga linawasha pua. Unapiga chafya msumeno ukiwa katikati ya mkia, na chafya haifuati mstari.

Hata hivyo kona zikapatikana. Patasi niliinoa upya, nikawa nachimba nusu upande huu, nageuza ubao, namalizia upande wa pili, ili mbao isipasuke upande wa kutokea. Wamisri wa kale waliunga fanicha kwa mtindo huu, nyingine zikazikwa makaburini na mpaka leo zimeshikana. Wale hawakuwa na umeme. Jioni ile na sisi hatukuwa nao.

Mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Muheza. Ana kitochi, kile kisimu chenye tochi kali, nikakiazima. Nikakiwasha, nikakitia ndani ya sanduku, nikaweka ubao wa juu ili nione mwanga unapenya wapi. Ulipenya kila mahali. Nikachanganya gundi nyeupe na unga wa mninga, nikawa naziba. Kila nilipoziba, sebule ikazidi kuwa giza, na kila ilipozidi kuwa giza nikazidi kufurahi. Nikapaka gundi ubao wa juu, nikazungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, nikavuta mpaka mishipa ikanisimama. Mwanga ukakatika kabisa. Nikapiga kofi peke yangu gizani. Papo hapo umeme ukarudi, nikaenda kulala kama mfalme.

Alfajiri mama mkwe akaanza kutafuta simu yake. Akatafuta chini ya mto, kwenye pochi, jikoni. Mke wangu akampigia. Sanduku likaanza kuita.

Lilitulia juu ya meza, limefungwa mipira, linatoa mlio wa mbali. Mama akalisogelea, akaweka sikio. "Baba Neema," akasema taratibu, "simu yangu inafanya nini humo?"

Mama ni mweka hazina wa kikoba, na siku hiyo ilikuwa ya marejesho. Sanduku likaita tena, na tena. Kisha wakaanza kumpigia mke wangu: mama yuko wapi, mbona hapokei, ni kweli kasafiri? Kwenye vikoba, mweka hazina aliyesafiri asiyepokea simu ana jina lake, na tayari lilikuwa limeanza kutajwa.

Nikajaribu kugonga kona kwa nyundo ziachie. Lakini mkia wa njiwa shughuli yake ni hiyohiyo, kukataa kuvutwa, na kati ya yote niliyokosea, hili nilikuwa nimelipatia. Gundi yenyewe ilishakauka. Ikabaki msumeno.

"Usinikatie simu," akasema mama. Akalishika sanduku kwa mikono miwili, akaliinamisha kitochi kikateleza chini, kwa-kwa-kwa, akaliegemeza hapo, akaniambia nianze juu. Nikachora mstari kuzunguka. Ukapita katikati kabisa ya mikia, na hapo ndipo nikamkumbuka yule fundi na mkia wake mpana. Kona tatu zilivumilia. Ya nne, nusu ya mkia ilibaki nyembamba mno, ikakatika pah, ikarukia kwenye ungo wa mchicha.

Kifuniko kikatoka. Kitochi kilikuwa kimejaa unga mwekundu, tochi bado inawaka. Mama akakipuliza, akampigia mwenyekiti. "Sijakimbia, dada. Simu ilikuwa kwenye sanduku. Hapana, halina kufuli. Mkwe wangu kalitengeneza, halina hata mlango." Akasikiliza kwa muda mrefu, akiligongagonga lile sanduku kwa kidole. Kisha akanigeukia, simu ikiwa bado sikioni.

"Baba Neema, mwenyekiti anasema la kikoba lina kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na bado tunagombana kila mkutano. Anauliza la aina hii utatufanyia bei gani?"