Ramani ya mshipa wa fahamu wa taya la chini: nani asafiri kutoka Mtwara kufuata picha?

Gego la mwisho la chini, likiota kwa kulala, huweza kusogeleana au hata kugusana na mshipa wa fahamu uliofichwa ndani ya mfupa. Mshipa huo ni tawi la neva ya tano ya kichwa. Huingia kwenye taya kwa upande wa ndani, hupita katika mfereji mwembamba chini ya mizizi ya magego, kisha sehemu yake hutokeza nje karibu na magego madogo ya mbele na kupeleka hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Ukijeruhiwa, mgonjwa hutabasamu kama kawaida, kwa kuwa misuli ya mdomo huongozwa na neva nyingine, lakini hahisi chai inayomtiririka kidevuni na huweza kujing'ata akila muhogo bila kujua.

Ndiyo maana wapo wanaotaka kila mgonjwa wa gego la namna hiyo apigwe picha ya pande tatu kabla ya upasuaji. Hoja yao ina uzito. Eksirei ya panorama, yaani picha moja bapa ya taya zima, hulikunjua taya lililopinda na kulilaza kama karatasi, tena hukuza vipimo; haiwezi kuonyesha kama mfereji umepita upande wa shavu au wa ulimi wa mzizi. Siti skani ya taya, yaani hiyo picha ya pande tatu, huonyesha hayo, pamoja na mifereji iliyogawanyika mara mbili ambayo panorama huikosa kwa urahisi. Kwa anayewekewa skrubu ya jino bandia, ambapo madaktari wengi huacha nafasi ya angalau milimita 2 juu ya mfereji, kipimo kilichokosewa kidogo tu ni hatari.

Hata hivyo, kuona vizuri si lazima kuwe sawa na kuumiza kidogo. Majaribio yaliyowagawa wagonjwa wa magego ya mwisho kwa bahati nasibu, baadhi wakapigwa panorama pekee na wengine siti skani, hayajaonyesha kwamba kundi la pili lilipata ganzi ya kudumu kwa uchache zaidi. Sioni ajabu katika hilo: picha inaonyesha kuta za mfereji, si mshipa wenyewe, na gego lililoukumbatia mfereji litabaki limeukumbatia hata baada ya kupigwa picha. Mshipa wa ulimi, ambao nao huumia katika upasuaji huu, umo katika nyama laini nje ya mfupa, kwa hiyo picha za namna hii haziuonyeshi. Kuna pia mionzi, ambayo kwa siti skani kwa kawaida ni mara kadhaa ya ile ya panorama, na kuna safari kwa asiyeipata karibu: kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 560, na anayetoka Newala huongeza nyingine.

Kwa maoni yangu, panorama isomwe kwa makini kwanza. Mwaka 1990, watafiti Rood na Shehab walieleza dalili za kutafuta kwenye picha hiyo, na tatu kati yake zilihusiana zaidi na kuumia kwa mshipa: mzizi kuwa mweusi unapopishana na mfereji, mstari mweupe wa ukuta wa mfereji kukatika, na mfereji wenyewe kupinda. Zisipoonekana, sioni sababu ya kumpandisha mtu basi la Dar es Salaam. Zikionekana, picha ya pande tatu ina maana pale tu itakapobadili uamuzi, kwa mfano daktari akichagua kukata kichwa cha jino na kuiacha mizizi mahali pake. Uvimbe mkubwa wa taya ni jambo jingine kabisa. Huko daktari anapanga mfupa ukatwe wapi, na ramani kamili ni ya lazima, safari iwe ndefu kiasi gani.

Na kwa mkulima wa Tandahimba anayesubiri fedha ya msimu wa korosho, gego lililolala ambalo haliumi, halivimbi wala haliharibu jino la jirani linaweza kuachwa likaangaliwa kila anapofika kliniki, bila upasuaji na bila siti skani.