Kiota kilicho chini: tukilinde au tukiache?

Bundi wa mbugani hajengi mtini. Jike hujikunja katikati ya kichaka cha nyasi, huvuta majani yakamfunika kama paa, na hutaga papo hapo chini. Mwenzake, bundi wa nyasi, hupenyeza njia ndani ya majani marefu mithili ya handaki na kutaga mwisho wa njia hiyo. Kipanga wa matete, yule mwembamba mwenye mabawa marefu anayepita chini chini juu ya mafunjo akiwinda panya na vyura, hurundika vijiti na majani ndani ya matete, pengine juu ya maji, pengine ardhini kabisa. Wote watatu wana kucha kali na jicho kali, lakini ng'ombe mmoja akipotea njia anaweza kumaliza uzazi wao wa mwaka.

Sisi tunaofuatilia ndege kandokando ya mito ya Malagarasi, Ugalla na Wembere, magharibi mwa Tanzania, tumegawanyika kuhusu la kufanya. Wapo wanaotaka viota vitafutwe, viwekewe alama na kupewa walinzi. Wengine wanasema kiota kisiguswe, nguvu zote ziende kwenye kudhibiti moto na malisho. Naegemea upande wa pili, lakini wa kwanza wana hoja ambazo haifai kuzipuuza.

Mfano wao mkubwa ni kipanga wa Montagu, ndugu wa kipanga wa matete, ambaye huku kwetu ni mgeni wa msimu wa mvua: huja wakati mvua zinaanza na kuondoka kuelekea Aprili. Kwao Ulaya naye hutaga chini, na katika nchi kama Ufaransa na Hispania hupenda sana mashamba ya ngano na shayiri. Mashine ya kuvunia hufika kabla makinda hawajaweza kuruka. Basi watu wa kujitolea hutafuta viota mapema, huzungumza na mkulima, kipande kidogo kinaachwa bila kuvunwa na kuzungushiwa uzio. Bila kazi hiyo makinda wengi wangekatwakatwa pamoja na mabua. Kwa hiyo anayesema kulinda kiota kimojakimoja ni kupoteza muda hajui historia ya ndege huyu.

Ila tazama kwa nini njia hiyo imefaulu kule. Hatari ni moja, inafahamika siku yake, na shamba lina mwenyewe wa kuzungumza naye. Mbuga ya nyasi ya Kaliua au Uvinza haiko hivyo. Hapa kuna moto usiojulikana umewashwa na nani, kuna mifugo inayohama, kuna mbwa, nguchiro na mbweha. Kila ukiingia kwenye nyasi ndefu unalaza majani, na mnyama anayewinda kwa pua hahitaji ramani zaidi ya hiyo. Nguzo ya uzio nayo ni kituo kizuri cha kunguru.

Halafu kuna jambo ambalo wageni hulisahau. Bundi katika vijiji vyetu ni ndege wa uchawi. Akilia juu ya paa, watu hawalali. Ukipeleka kamati ya kijiji kuonyesha mayai ya bundi ili yalindwe, umeonyesha pia wale wenye sababu zao za kuyavunja, na hao hawatakuja mkutanoni kujitambulisha. Siri ya kiota ndiyo ulinzi wake wa kwanza. Ukiitoa, uwe na ulinzi bora wa kuweka mahali pake. Mara nyingi hatuna.

Watetezi wa kutafuta viota hujibu hivi: bila ushahidi, utauambia nini mkutano wa kijiji? Utasema kuna ndege, wao watasema hawajamwona. Hoja hii ni nzito kuliko zote walizo nazo. Lakini jibu lake liko angani. Wakati wa kulea, dume la kipanga wa matete hurudi na mawindo, jike huinuka kutoka majanini, na dume humwachia chakula hewani naye hukidaka. Ukikaa juu ya kichuguu na darubini yako, mbali kabisa, ukaona jike linashuka palepale mara kwa mara, unajua jozi inalea pale. Huna haja ya kuhesabu mayai. Bundi ni mgumu zaidi, lakini bundi wa mbugani huanza kuwinda kabla giza halijaingia vizuri, na jioni nyingi huonekana akipita eneo lilelile.

Tatizo linalonisumbua kuliko yote ni moto, kwa sababu hapa hata wahifadhi hawakubaliani. Watu wa misitu na wafuga nyuki, na Tabora bila asali si Tabora, wanashauri kuchoma mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu. Moto huo ni mdogo. Hauui miombo wala hauteketezi mizinga. Ukiachwa hadi Septemba, unakuja moto unaopanda mitini. Ushauri ni sahihi. Lakini ndege hawa wanaotaga chini mara nyingi huwa bado wanalea mvua zinapokatika na nyasi zinapoanza kukauka. Kinda asiyeweza kuruka hakimbii hata moto mdogo. Mfuga nyuki akiniambia nimchagulie kati ya mizinga yake na makinda ya bundi, sioni kwa nini yeye ndiye alipe gharama.

Mfugaji naye ana hoja: majani mapya baada ya moto ndiyo yanayovusha ng'ombe kiangazi. Na mkulima wa mpunga anayepanua majaruba hafanyi uovu, anatafuta chakula. Yeye angalau ana sababu ya kuwataka ndege hawa, kwani panya wanaomtafuna mpunga ndio mlo mkubwa wa bundi wa mbugani. Ingawa anayemwekea panya sumu anaweza kumuua bundi kwa mkono uleule, na dawa inayopuliziwa kwelea kwelea haichagui mla kwelea.

Hadhi ya kimataifa haijasaidia sana katika hili. Malagarasi-Muyovozi ilitangazwa eneo la Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, la kwanza nchini, hekta zaidi ya milioni 3. Kiberiti hakisomi hati. Panapoamuliwa lini na wapi pachomwe ni kijijini, kwenye sheria ndogo na mpango wa matumizi ya ardhi.

Hapo ndipo ningepeleka tulichokiona kwa darubini: si kuomba walinzi wa kiota, bali kuomba ukanda wa mbuga karibu na maji uachwe bila moto wala mifugo hadi makinda waruke, huku misitu yenye mizinga ikichomwa mapema kama kawaida. Ukanda uhame kila mwaka. Ukibaki palepale miaka mitatu, nyasi kavu zitarundikana, na moto wa Septemba ukiufikia utakuwa mkubwa kuliko ule tuliokuwa tukiukwepa.