Kaunti nane za Connecticut na hesabu ya wasaka makasha

Mwaka 2022 Idara ya Sensa ya Marekani ilitangaza kwamba kaunti 8 za jimbo la Connecticut hazitatumika tena katika takwimu zake, na nafasi ya kaunti hizo itachukuliwa na kanda 9 za mipango. Jimbo lenyewe ndilo lililoomba. Mkazi wa kawaida wa Hartford huenda hata hakusikia habari hiyo. Waliokuna vichwa ni wachezaji wa jiokeshingi, wale wanaosaka makasha yaliyofichwa kwa kufuata namba za GPS. Kwao kaunti ni deni la kulipwa: ukipata kasha moja ndani yake, inapakwa rangi kwenye ramani yako na umemalizana nayo.

Mchezo huu una namna mbili za kujua kasha liko wapi. Kwenye Geocaching.com, mwenye kasha huchagua nchi na jimbo kutoka kwenye orodha anapolisajili. Project-GC, ambako wachezaji wengi huenda kutazama takwimu zao, hukokotoa yenyewe: huchukua namba za mahali, ikaangalia zimeangukia ndani ya mipaka ipi kwa kutumia data ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, hadi ngazi ya kaunti. Namna hii ya pili ni sahihi zaidi, ila mpaka ukibadilishwa kwenye ramani, hata kasha ulilolipata miaka kumi iliyopita linaweza kuhamishiwa jina jingine. Ndiyo maana wachezaji wanabishana: je, ramani za mchezo ziifuate sensa?

Wanaosema zifuate hawakosi hoja. Serikali za kaunti zilifutwa Connecticut mwaka 1960, na masherifu wa kaunti wakafuata mwaka 2000. Kanda mpya angalau zina mabaraza ambamo miji hukutana kupanga barabara na usafiri. Tena, ukiamua kugandisha mipaka, utaigandisha ya mwaka gani? Tolland na Middlesex zenyewe zilimegwa kutoka kaunti nyingine mwaka 1785. Ramani moja inayofuata rejea rasmi inaokoa ugomvi mwingi, na watu wanaozitunza data hizi kwa kujitolea wana kazi za kutosha.

Upande wa pili hubezwa kirahisi. Huambiwa wana uroho wa rangi, kwamba wanalilia alama zao kama watoto. Nadhani wanaosema hivyo hawajakaa kupiga hesabu, kwa hiyo tuipige.

Chukua mchezaji aliyepata kasha moja katika kila kaunti kati ya zile nane, na tuseme alipita kwenye miji inayojulikana: Stamford kwa kaunti ya Fairfield, Torrington kwa Litchfield, mji wa Hartford kwa Hartford, Vernon kwa Tolland, Middletown kwa Middlesex, New Haven na New London kwa kaunti zenye majina hayo, na mji wa Windham kwa Windham. Amemaliza jimbo zima. Sasa weka kanda juu ya safari ileile. Hartford na Vernon zote zimo katika kanda ya Capitol. New London na Windham zote zimo katika kanda ya Kusini-Mashariki. (Ndiyo, mji ulioipa jina kaunti ya Windham haumo katika kanda ya Kaskazini-Mashariki, iliyochukua sehemu kubwa ya kaunti hiyo.) Kwa hiyo nane zake zimegeuka sita kati ya tisa. Anadaiwa Greater Bridgeport, Naugatuck Valley na hiyo Kaskazini-Mashariki, na mguu wake haujakosea popote.

Mtu atasema arudi tu barabarani, si anapenda mchezo? Angependa. Ila kuna makasha ya changamoto, yale ambayo huruhusiwi kudai umeyapata mpaka utimize sharti la mwenye kasha, kwa mfano "kaunti zote za Connecticut". Tangu 2016, kasha jipya la aina hiyo lazima liwe na kikaguzi cha Project-GC kinachothibitisha umetimiza sharti, na mipaka ya kujichorea mwenyewe haikubaliwi. Maana yake, kaunti nane zikitoka kwenye ramani ya takwimu, hakuna mchezaji anayeweza kuzirudisha kwa mkono wake, hata kama wenyeji wote bado wanasema "Fairfield County" kila siku. Na wanasema kweli.

Hapo ndipo ninapoachana na wafuasi wa sensa. Sensa ilihitaji vipande ambavyo takwimu zake zingewasaidia wapangaji wa jimbo. Msaka makasha anahitaji kipande ambacho mtu wa pale akiulizwa atakitaja. Mahitaji hayo mara nyingi hukutana, na yakikutana sioni sababu ya kubisha. Tunduma ilikuwa mkoa wa Mbeya, tangu 2016 ni Songwe, ina mkuu wake wa mkoa, na takwimu inayoendelea kuiita Mbeya inapotosha. Vilevile Bedford, mji huru wa Virginia uliokuwa ukihesabiwa sawa na kaunti, ulipoacha hadhi hiyo mwaka 2013 na kuingia ndani ya kaunti ya Bedford, haukuwa na cha kudai tena.

Norway inanipa shida zaidi. Mikoa 19 ilipunguzwa hadi 11 ilipofika 2020, kisha mwaka 2024 mitatu ikavunjwa, ikawa 15. Finnmark, ambako asilimia 87 ya waliopiga kura ya maoni ya 2018 walikataa kuunganishwa na Troms, iliunganishwa na kurudishwa ndani ya miaka minne. Kasha la Vadsø, mji wa Finnmark, limebadilishiwa mkoa mara mbili bila kusogea hata hatua. Mimi ningeifuata serikali hata huko, kwa sababu mikoa ile ilikuwa na mabaraza yaliyochaguliwa na bajeti zake. Connecticut ningeziacha kaunti nane zilipo, na anayetaka kanda tisa aongezewe ramani ya pili pembeni.