Rudisheni tovuti zenu kwenye poti 443

Juzi shangazi alinipigia simu akiwa kazini. Shule anayosoma mwanawe ina tovuti ya wazazi ya kuangalia ada na matokeo, lakini kwenye kompyuta ya ofisi ilikuwa haifunguki. Akanisomea anwani herufi kwa herufi, alipofika mwisho akauliza: "Halafu kuna nukta mbili, nane nne nne tatu. Hizi ni za nini, mwanangu?"

Kwa bando la simu yake ilifunguka mara moja. Mtandao wa ofisi yao, kama ilivyo kwa ofisi nyingi, unaruhusu watu kutoka kwa poti 80 na 443 tu. Poti ni namba ya mlango ambao programu hupokelea mawasiliano kwenye kompyuta: 80 ni ya tovuti za HTTP ya kawaida, 443 ni ya HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa. Kila mzazi aliyejaribu kuingia akiwa mahali pa namna hiyo alikwama.

Nikamtafuta fundi wa shule, kijana msikivu kabisa. Jibu lake nimelisikia kwa mafundi wengi mno: "Tuliiweka 8443 kwa ajili ya usalama, kaka. Wadukuzi wanaanza na 443."

Jamani. Poti za anwani moja ni 65,536 basi, na programu ya kuzibishia hodi zote haichoki wala hailali. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu ya kubisha hodi kwenye poti, ambayo kwa kompyuta moja yenye mtandao wa kasi iliweza kupita poti moja kwenye anwani zote za IPv4 (mfumo mkongwe wa anwani za intaneti) duniani kwa chini ya dakika 45. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi iliyopita. Na 8443 si siri ya mtu: imo kwenye mifano ya Tomcat, programu maarufu ya kuendeshea tovuti, kwa hiyo kila anayepekua poti anayo kwenye orodha yake. Kuhamishia mlango uani hakumzuii mwizi anayezunguka nyumba nzima. Anayepotea ni mgeni uliyemwalika. HTTPS inalindwa na cheti halali cha kuthibitisha tovuti, TLS (usimbaji wa mawasiliano) ya kisasa, programu zilizosasishwa na manenosiri yasiyokisika, na vyote hivyo vinafanya kazi vilevile kwenye 443.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuiondoa SSH, njia ya mafundi kuingia kwenye seva kwa mbali, kwenye poti yake ya kawaida 22 kunapunguza kelele kwenye logi, yaani kumbukumbu za seva. Lakini SSH ni ya watu wawili watatu wanaoijua namba. Tovuti ya wazazi ni ya mama anayesoma anwani kwenye karatasi.

Nilipomhoji zaidi, fundi aliniambia chanzo hasa: programu yao ilikataa kuwaka kwenye 443. Hilo naliamini. Kwenye Linux, poti zilizo chini ya 1024 kwa kawaida zinahitaji ruhusa ya root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote, na alifanya vizuri kutoiendesha programu kwa root. Dawa yake ipo siku nyingi: weka nginx, programu ya kupokea wageni na kuwapitisha ndani, mbele isikilize 443, programu yenyewe ibaki 8443 ikisikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani ndani ya seva hiyohiyo tu. Na ukiwa na tovuti tano kwenye seva moja, zote zinakaa 443 bila kugombana, kwa sababu kivinjari hutaja jina la tovuti kinapoanza mazungumzo ya TLS.

Poti 80 nayo walikuwa wameifunga. Ifungueni, ielekeze watu kwenye HTTPS na isifanye kingine. Anayechukua cheti cha bure cha Let's Encrypt kwa njia ya HTTP-01, ambapo seva huthibitishwa kupitia HTTP, hana poti nyingine ya kutumia.

Aliponiruhusu niikague seva, nikakuta poti 3306, ya hifadhidata ya MySQL, iko wazi kwa dunia nzima. Hifadhidata yenye majina ya watoto, namba za wazazi na malipo yao ilikuwa ikimjibu yeyote anayegonga, akili zote za usalama zikiwa zimeishia kwenye kubadilisha namba ya mlango wa mbele. Tuliifunga palepale, kabla ya kugusa kitu kingine. Kufikia jioni tovuti ilikuwa 443, na shangazi akaifungua ofisini.

Lakini wiki mbili kabla, wazazi walipolalamika kwamba haifunguki, mhasibu alikuwa ameipiga picha orodha nzima ya madeni ya ada na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Jina la binamu yangu lilikuwa la nne kutoka juu. Picha hiyo bado imo kwenye simu za watu.