Daftari la mama na simu yangu

Mama ana sukari na presha. Mimi nina presha, tumerithishana. Yeye yuko Tanga, mimi niko Oslo. Historia yangu ya matibabu iko kwenye simu. Ya kwake iko kwenye daftari analolifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kulilaza chini ya godoro.

Masika ya mwaka jana bati lilivuja, daftari likalowa, wino ukatambaa. Kliniki akamkuta daktari mgeni. “Mama, unatumia dawa gani?” “Vile vidonge vyeupe, mwanangu.” Metformini vya sukari ni vyeupe, amlodipini vya presha navyo vyeupe. Wakaanza upya, dozi ya chini, na sukari ikapanda.

Huku nina daktari mmoja niliyesajiliwa kwake. Dawa zikikaribia kwisha naomba kupitia Helsenorge, tovuti ya afya ya serikali ya Norway, kisha naingia duka lolote la dawa, hata liwe mji mwingine kama Bergen, naonyesha kitambulisho, napewa. Ila nisiwadanganye: kuna siku daktari anatazama kompyuta kuliko anavyonitazama mimi, na hakuna nesi wa kuniuliza watoto hawajambo. Mama anaulizwa.

Nikisema mama naye angestahili kumbukumbu zisizolowa, wengi hunijibu, “Hiyo Ulaya bwana, sisi hatuna uwezo.” Hapo ndipo tunapogombana. DHIS2, mfumo wa kompyuta ambamo takwimu za vituo vyetu vya afya huingizwa, chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo, mji huuhuu ninaoishi. Mama yumo mle, lakini kama mmoja katika jumla ya mwezi. Anahesabiwa, hajulikani. Daktari aliye mbele yake hawezi kuona mle alimeza nini mwezi uliopita.

Na kumfuatilia mtu mmoja mmoja tunakuweza. Nendeni CTC, kliniki za huduma na matibabu ya VVU, mkaone. Mwenye VVU ana namba yake, kadi yake na faili lake kituoni. Asipotokea siku yake, anatafutwa. Kazi hiyo imefanyika tangu 2004, tena na manesi wetu wenyewe. Wafadhili waliifuata VVU na fedha zao, utaratibu ukaja nazo. Sukari haikupata bahati hiyo, nasi tukakaa kimya kana kwamba ni ugonjwa wa wenye vitambi tu.

Kwa sasa dada yangu anapiga picha kila ukurasa mama akitoka kliniki, ananitumia WhatsApp. Juzi kanipigia wakiwa mbele ya daktari.

“Kaka, ile metformini ya Machi ilikuwa ngapi?”

Nilikuwa kwenye treni, nimesimama. Nikapekua picha.

“Miligramu 850, asubuhi na jioni. Mwambie aiandike kubwa.”