Waya mbili za stata zilizonilipisha viazi vya watu

Wakuu, huku Mbeya ukisema unatoa giaboksi ya oto unaweka manyuo (ile ya klachi, unabadili gia mwenyewe), kila mtu atakuuliza giaboksi umeitoa wapi, flaiwili imeliwa au bado, klachi mpya au yadi, ila waya utazifanyaje hakuna anayeuliza. Na mimi naona kazi inaharibikia humo humo.

Toyota GX100 yangu, giaboksi ya oto ilianza kuteleza nikipandisha Mlima Nyoka, nikachoka, nikaamua manyuo. Fundi wa chuma sina neno naye, giaboksi imekaa safi. Ikaja zamu ya umeme, jamaa akazishika zile waya mbili nene za swichi ya gia, ile inayozuia stata (mota ya kuwashia injini) isipige mpaka uwe P (paki) au N (nyutro), akakata, akasokota pamoja, solotepu juu, gari ikawaka, tukapeana mikono.

Sasa huku kwetu nani anapaki pasipo na mteremko? Na handibreki zetu tunazijua wenyewe, so gari inalala na gia ndani. Asubuhi moja ya Julai, baridi ile ya Uyole ya kutoa moshi mdomoni, shemeji akataka kunipashia injini, hakukaa hata kwenye siti, kapitisha mkono dirishani kapiga ufunguo, gari ikaruka mpaka kwenye magunia ya viazi ya mama jirani. Tushukuru yalikuwa magunia. Viazi nililipa mimi, fundi simu hapokei.

Ndo maana mtu akiniambia "waya mbili tu hizo, unganisha" namkatalia. Kuunganisha pale kwenye P na N sawa, tena kunasaidia kompyuta ya injini ione gari iko N muda wote isichanganyikiwe na sailensi (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta), ila lazima ule waya wa kupiga stata unaotoka kwenye ufunguo ukatishwe kabla haujafika hapo, upitie rilei (swichi kubwa inayoendeshwa na umeme mdogo) inayowashwa na swichi ya pedali ya klachi. Hujakanyaga klachi, stata haipigi, basi. Na rilei usiiruke, waya ule unabeba moto mwingi, kaswichi kadogo ka pedali kataungua. Fundi wa pili alinifanyia hivyo na haikumaliza hata nusu siku, sasa yule wa kwanza alikuwa anakimbilia wapi sijui.

Halafu soketi ya ile swichi ya gia ndo ina waya za taa za rivasi pia. Yangu ilikatwa yote ikatupwa, nikawa narudi nyuma gizani Mwanjelwa mpaka trafiki akanielimisha kwa risiti. Zile unazivuta tu hadi kwenye swichi ya rivasi ya giaboksi mpya. Kwa hiyo kabla hajashika koleo mwambie aandike kila waya ulikuwa unaenda wapi, hata kwenye karatasi ya maandazi.

Kilichobaki ni kompyuta, bado ile ya oto, inazitafuta solenoidi (valvu za umeme za kubadili gia) za giaboksi ambayo haipo, basi taa ya O/D (ovadraivu, gia ya juu ya oto) inapepesa kwenye dashi kutwa nzima. Kuna fundi kaniambia tuchomoe balbu yaishe. Nimemwambia aiache, natafuta kompyuta ya manyuo ya injini hii hii, mwenye nayo Mbeya au hata Makambako anishtue.