Umeitoa kwenye kaseti gani?

Kuna orodha ya "siri za Mario" kwa Kiswahili inayozunguka kwenye simu za watu tangu juma lililopita. Nimetumiwa na shemeji, nimetumiwa na jirani, nimetumiwa hata na kijana ambaye sidhani kama amewahi kushika pedi yenye waya. Nilifurahi kuiona, kwa sababu Super Mario Bros., ya kampuni ya Nintendo, ndiyo gemu ninayoipenda kuliko zote, na maandishi yake kwa lugha yetu ni haba. Kisha nikafika kwenye Dunia ya -1, ile steji ya ajabu isiyo katika hesabu ya kawaida ya gemu. Mwandishi anasema watengenezaji waliificha makusudi iwe zawadi kwa mabingwa, na kwamba haina mwisho. Nikamwandikia kwa adabu: ndugu yangu, hii umeitoa kwenye kaseti gani, au ni diski? Akajibu, "Kaka, hayo kila mtu anayajua."

Nilikasirika, na hasira bado ninayo. Mtu anayekusanya taarifa za gemu akawapa wenzake anafanya kazi ya maana sana, na kazi hiyo inaharibika siku anapoacha kusema alichokiandika kimetoka wapi. Maana ukisema "Super Mario Bros." bado hujaniambia kitu. Ipo kaseti ya Japani iliyotoka tarehe 13 Septemba 1985. Ipo ya diski, ya Japani pia, ya 1986. Ipo ya Marekani. Ipo ya Ulaya ya 1987, ambayo si sawa na ya Marekani. Na zipo zile tulizochezea sisi, ambazo nitazirudia kwa kirefu.

Tuanze na hiyo -1. Katika 1-2, yaani dunia ya 1 steji ya 2, kule mwishoni, mchezaji anaweza kumpenyeza Mario ukutani akatokea kwenye chumba cha mabomba matatu kabla gemu haijamaliza kukiandaa chumba hicho. Bomba la pembeni likimmeza, gemu inasoma namba ya dunia ambayo haikupangwa kwa ajili yake: 36. Dunia ya 36 haipo, kwani dunia ziko 8 tu, zenye steji 4 kila moja. Na kwa kuwa alama nambari 36 katika hazina ya michoro ya gemu ni nafasi tupu, kioo kinaonyesha tupu, kistari, moja. Ndiyo hiyo "-1". Ni hitilafu, na inaelezeka hatua kwa hatua, kwa sababu kuna wapenzi waliokaa wakaichambua programu nzima, kilobaiti 32 zote, amri moja baada ya nyingine, wakaandika pembeni kila moja inafanya nini. Kwenye kaseti, ukiingia humo unakuta maji, steji ile ile ya 2-2, na bomba la mwisho linakurudisha mwanzo mpaka muda ukuishie. Kwenye diski ya 1986, hitilafu hiyo hiyo inakupeleka kwenye steji tatu tofauti kabisa, na zinamalizika. Kwa hiyo neno "haina mwisho" ni kweli kwa mchezaji mmoja na ni uongo kwa mwingine, na tofauti kati yao ni neno moja ambalo mwandishi aliona halina haja.

Tarehe nayo ni hivyo hivyo. Utaona kila mahali imeandikwa kwamba gemu hii ilitoka Marekani tarehe 18 Oktoba 1985. Mwaka 2012 Frank Cifaldi, mtu aliyeyapa maisha yake haya mambo ya historia ya gemu, alijaribu kuithibitisha, akatafuta katika magazeti na kumbukumbu za wakati ule, na hitimisho lake likawa kwamba haithibitishiki. Huyo ndiye mkusanyaji ninayemheshimu. Alirudi mikono mitupu na akaandika kwamba mikono ni mitupu.

Sasa nije kwenye kinachoniuma hasa. Kurasa kubwa za Kiingereza zinaorodhesha toleo la Japani, la Marekani, la Ulaya, halafu zinafunga hesabu. Sisi hatumo. Mimi nilikulia Tanga, Ngamiani, na Mario niliyemjua aliishi ndani ya kaseti ya rangi ya njano isiyo na boksi wala kijitabu, iliyochomekwa kwenye mashine ya kuiga iliyotoka huko Asia, kwenye kibanda cha gemu ambacho mwenyewe alitoza kwa maisha: ukifa mara tatu unampisha mwenzako. Mombasa ilikuwa hivyo, Dar hivyo, na ndugu zetu waliokulia Muscat wana hadithi zao za mashine za aina hiyo hiyo. Watu wazima wengi wanaosoma Kiswahili leo walimjua Mario kwa njia hiyo. Hakuna aliyeiandika.

Na halikuwa toleo moja na la wenzetu. Nina binamu aliyekulia Toronto, na nilipomtembelea alinitolea mashine yake halisi ya Nintendo ya utotoni. Nikaanza 1-1 na mikono yangu ikawa inachelewa. Kila shimo, kidole kinabonyeza Mario akiwa ameshaanza kuanguka. Binamu akadhani nimezeeka. Nikamwambia, hapana, hii gemu yako inakimbia. Tukabishana hadi usiku, shangazi akatuambia tuzime.

Jibu lipo, na ni la hesabu. Televisheni za Kanada na Marekani zilikuwa zinapokea picha kama 60 kwa sekunde. Za kwetu, zikiwa za mfumo wa PAL, picha 50. Gemu hii haihesabu sekunde, inahesabu picha: Mario anasogea kwa picha, anaanguka kwa picha, muziki wa mtunzi wake, Koji Kondo, unakwenda kwa picha. Hata ile saa ya juu kuliani si sekunde. Namba yake inashuka kwa moja kila baada ya picha 24. Steji ya 1-1 inakupa 400. Zidisha, upate picha 9,600. Kwa binamu yangu hizo ni sekunde 160, yaani dakika 2 na sekunde 40. Kwenye mashine ya picha 50 inayoendesha kaseti ile ile bila marekebisho, ni sekunde 192, dakika 3 na sekunde 12. Nintendo walilijua tatizo hili, ndiyo maana walipoipeleka Ulaya waliurekebisha mwendo wa Mario na wa muziki ili asijikokote. Lakini kaseti zetu za kuiga, kwa sehemu kubwa, zilinakiliwa kutoka za Japani au Marekani, halafu zikachomekwa kwenye mashine zilizotengenezwa kwa televisheni za PAL. Matokeo yake ni Mario wa polepole kwa sehemu moja ya sita, ambaye hayumo katika toleo lolote la Nintendo. Muziki wake nao unatembea taratibu bila sauti zenyewe kushuka, kwa sababu kasi ya noti inafuata picha, na kimo cha noti kinafuata saa ya ndani ya mashine, ambayo katika mashine hizo za kuiga iko karibu sana na ile ya asili. Ukiisikia leo ya asili unahisi kuna mtu ameiharakisha. Hakuna aliyeiharakisha. Ulilelewa na nyingine.

Mnaona sasa kwa nini siwezi kukubali "kila mtu anayajua"? Mtoto wa Ngamiani akisoma kwamba lazima uruke hapa na si pale, kwa muda huu na si ule, na maelezo yametafsiriwa kutoka kwa mtu wa Toronto, atajiona hajui kucheza. Anajua. Anacheza toleo ambalo mwandishi hakulitaja kwa kuwa hakujua lipo.

Kisha kuna kaseti za gemu nyingi kwa pamoja, zile zilizoandikwa "9999 in 1". Tulizihesabu kama mali. Ndani yake gemu halisi zilikuwa chache, na zilizobaki ni zile zile zilizobadilishwa kidogo: hii inaanzia dunia ya mbele, ile ina rangi nyingine. Mara nyingi mstari unaotaja Nintendo na mwaka 1985 ulifutwa kwenye ukurasa wa kwanza. Nimewahi kusikia watu wakizicheka kwamba ni takataka. Mimi nasema ni kumbukumbu. Kuna mtu mahali fulani alikaa akabadilisha namba katika programu ili gemu ianzie dunia ya tano, na matokeo ya kazi yake yakawa utoto wa watu wengi kuanzia Lamu hadi Bujumbura. Atakayekusanya taarifa za Mario kwa Kiswahili bila kuzigusa kaseti hizo anakusanya taarifa za utoto wa watu wengine.

Nakubali, shingo upande, kwamba mtoto anayetaka tu kujua uyoga wa maisha ya ziada umefichwa wapi katika 1-1 hahitaji mhadhara wa picha 50. Mpe uyoga wake. Nakubali pia kwamba kaseti hizo zilivunja haki za wenye mali, na sitetei biashara ile. Kuandika kwamba kitu kilikuwepo si kukiuza. Na kurasa za Kiingereza zimefanya kazi kubwa ambayo mimi mwenyewe naitegemea kila siku. Ninachokataa ni kuzinakili na kulifuta lile neno dogo linalosema toleo gani.

Kijitabu nacho tusikisahau. Kaseti ya asili iliuzwa na kijitabu, na ndani yake imeandikwa kwamba watu wa Ufalme wa Uyoga, nchi ya hadithi ya gemu hii, waligeuzwa kwa uchawi kuwa mawe, matofali na mimea. Sisi hatukuwahi kukiona. Tulivunja matofali miaka na miaka bila kujua hadithi inasema ni akina nani. Kwa upande wa pili, tulikuwa na elimu yetu ya kibandani, na sehemu yake ilikuwa ya kubuni. Ngamiani tuliamini kwamba fataki mwishoni mwa steji ni zawadi ya kuishika bendera juu kabisa. Walioichambua programu wameonyesha kwamba bendera juu kabisa ni pointi 5,000 tu, na fataki zinategemea tarakimu ya mwisho ya saa: ikiwa 1 inalipuka moja, ikiwa 3 zinalipuka tatu, ikiwa 6 sita, nyingine yoyote hakuna. Imani ile ya bendera nayo nimeiandika kwenye daftari langu, na pembeni nimeandika "kibanda, Tanga, si kweli kwa programu". Vyote viwili ni taarifa. Moja inahusu gemu, nyingine inahusu wachezaji, na zote zina mahali zilipotoka.

Kwenye daftari hilo kila jambo lina sehemu mbili: jambo lenyewe, na nilikolitoa. Kaseti, diski, kijitabu, programu iliyochambuliwa, au kinywa cha mtu na mji wake. Nisipoweza kujaza sehemu ya pili, jambo linabaki kwenye ukurasa wa nyuma hadi nipate. Wako wanaoniambia ninajichosha, eti gemu ni ya kitoto na ina miaka arobaini. Mwaka 2023 taasisi ya historia ya gemu ambayo Cifaldi ndiye mwanzilishi wake ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani hazipatikani tena madukani. Hizo ni gemu zenye kampuni, zenye haki, zenye tarehe. Kaseti ya njano ya Ngamiani haina hata jina la aliyeitengeneza, na plastiki yake imeanza kupasuka.

Ninachokitafuta kwa sasa ni hiki. Kama wewe au mjomba wako bado mna kaseti ya Mario ya miaka ile, usiisugue kwa spiriti kuondoa stika, kwani stika ni sehemu ya taarifa. Ipige picha mbele na nyuma. Ukiweza kuifungua bila kuivunja, piga picha ubao wa ndani, hasa maandishi juu ya chipu. Iwashe, upige picha ukurasa wa kwanza, uangalie kama mstari wa 1985 upo au umefutwa. Kisha ingia 1-1, usimguse Mario, uwashe saa ya simu wakati 400 inapoanza kushuka na uizime inapofika sifuri. Usinitajie mfumo wa televisheni, sekunde hizo zitausema wenyewe. Andika na mji mliponunulia na mwaka kama unaukumbuka. Kama huukumbuki, andika kwamba huukumbuki. Ya Tanga ninayo tayari. Ya Kigoma, Kisumu na Lubumbashi sijapata hata moja, na ile ya Unguja niliyoonyeshwa ilikuwa na ubao uliobadilishwa chipu, kwa hiyo nahitaji nyingine ya huko huko niilinganishe nayo.